Maswali ya Wasomaji: Flask yakataa kuwaka

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nataka tovuti ndogo ya kupokea oda za duka, kurasa tatu tu. Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, ilinijazia mafaili kabla sijaandika langu hata moja, nikahamia Flask, mfumo mwingine mdogo zaidi. Faili nimeliita flask.py, nikiliendesha naambiwa "cannot import name 'Flask'". Nini tatizo?

JIBU: Tatizo ni jina la faili. Python huanza kutafuta kwenye folda lilimo faili unaloliendesha, kwa hiyo ukiandika `from flask import Flask`, faili lako linajiita lenyewe na maktaba halisi haifikiwi. Libadili liwe app.py. Jina hilo Flask hulitambua bila kuelekezwa. Kisha andika haya tu:

```
from flask import Flask, render_template
app = Flask(__name__)

@app.route("/")
def mwanzo():
    return render_template("mwanzo.html")
```

Endesha kwa `flask run --debug`, halafu fungua 127.0.0.1:5000 kwenye kivinjari. Ukiona TemplateNotFound, angalia mwanzo.html umeiweka wapi: inatakiwa ikae ndani ya folda iitwayo templates, yenye s mwishoni, sambamba na app.py.

Fomu ya oda ndiyo inayowasumbua wengi. Njia (route) ya kawaida haipokei POST, yaani ombi linalobeba data ya fomu, kwa hiyo mteja akibonyeza "Tuma" anapata kosa 405. Andika `@app.route("/oda", methods=["GET", "POST"])`, na uongeze request kwenye ule mstari wa import. Likija kosa 400 unaposoma `request.form["simu"]`, kagua HTML: kisanduku kinahitaji `name="simu"`. Kukipa id peke yake hakutoshi, maana kivinjari hutuma vile vyenye name tu. Na kila fanksheni ya ukurasa lazima irudishe kitu. Ukisahau return, utapata kosa 500.

Kwa kurasa tatu umechagua vizuri. Ila ukija kuhitaji watumiaji wenye nywila na ukurasa wa msimamizi, Django inakuja navyo tayari. Kwenye Flask utaviunganisha mwenyewe.

SWALI: Tovuti yangu ya Flask kwenye kompyuta inafunguka, kwenye simu haifunguki, na vifaa vyote viko Wi-Fi moja. Kwa nini?

JIBU: Kwa kawaida Flask husikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Tumia `flask run --host=0.0.0.0`, kisha kwenye simu andika anwani ya IP ya kompyuta ikifuatiwa na :5000. Ikigoma bado, angalia firewall, yaani kinga ya kompyuta inayozuia miunganisho kutoka nje. Hapo ondoa `--debug`, kwa sababu kurasa zake za makosa zina sehemu ya kuendeshea msimbo wa Python ndani ya mashine yako. Siku ya kuipeleka hewani, sakinisha gunicorn, programu ya kuendeshea tovuti za Python, kwenye seva ya Linux na uiwashe kwa `gunicorn -w 2 app:app`.