Je, wasioandamana hawajali?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Nikifuatilia harakati za tabianchi naona Ujerumani watu wanajaa barabarani, lakini katika nchi zinazopigwa na ukame na mafuriko wanatoka wachache. Mwenzangu anasema watu wa huko hawajali. Nilimbishia, ila nilipowaalika wanadarasa wenzangu kwenye matembezi walikuja watatu tu, nikaanza kuamini maneno yake. Ana haki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hana haki, na naomba usimwamini.

Nimekuwa mkalimani kwenye mikutano ya vijana wa tabianchi. Siku moja karatasi ya kujiandikisha kwa maandamano ilipitishwa mezani. Kijana kutoka Uingereza aliandika jina lake haraka, kisha akakunja mkono wa shati kutuonyesha mahali wanapoandika namba ya wakili kwa wino mzito kabla ya kutoka, maana ukikamatwa simu inachukuliwa. Binti aliyeketi jirani yake akaishika ile karatasi kwa muda mrefu. Akaniinamia: "Mama, hebu muulize, orodha hii itabaki kwa nani?" Hakuandika jina. Lakini usiku ule alibaki ukumbini mpaka saa tano, magoti sakafuni, akipaka rangi mabango ambayo wengine wangeyabeba kesho yake.

Utasema huyo hajali?

Kinachotofautiana sana ni gharama. Agosti 2018, Greta Thunberg, akiwa na miaka 15, alikaa na bango lake nje ya bunge la Sweden, na akarudi siku iliyofuata. Nigeria, mwaka 1995, mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa baada ya miaka ya kupinga uchafuzi wa mafuta katika ardhi ya jamii yao, Waogoni. Shirika la Global Witness lilihesabu watetezi wa ardhi na mazingira 79 waliouawa Kolombia mwaka 2023 peke yake. Uganda, wanafunzi wanaopinga bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga wamekamatwa mara kwa mara. Na hata pasipo polisi, kibarua anayelipwa kwa siku akienda kuandamana, siku hiyo hapati chakula.

Gharama hiyo nayo haikai mahali pamoja. Uingereza ilikaza sheria zake za maandamano mwaka 2023, na mwaka uliofuata wanaharakati watano wakahukumiwa miaka minne hadi mitano jela kwa kupanga kuziba M25, barabara kuu inayozunguka London, ingawa rufani ilipunguza adhabu hizo. Yule kijana wa kukunja shati leo angeishika karatasi kwa muda mrefu zaidi.

Sasa nikupe jambo lililonigusa kuliko yote. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliowauliza watu karibu 130,000 katika nchi 125 kama wangetoa asilimia 1 ya kipato chao kila mwezi kwa ajili ya tabianchi. Asilimia 69 walikubali. Walipoulizwa ni wangapi kati ya wananchi wenzao wangekubali, walikisia asilimia 43. Na utayari ulikuwa mkubwa zaidi kwenye nchi za joto na zenye kipato kidogo, mdogo kwenye nchi tajiri za baridi. Kwa hiyo wengi wako tayari, ila kila mmoja yuko nyumbani kwake, anachungulia dirishani, haoni mtu, anarudi kuketi.

Tena, kuandamana si njia pekee. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria huko Vanuatu, visiwa ambavyo huwezi kujaza barabara hata ukitaka, walianza kushawishi serikali za Pasifiki zilipeleke suala la tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Julai 2025 mahakama ikatoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda tabianchi. Walianzia darasani, kama wewe.

Hao watatu waliokuja washukuru. Wale wengine usiwaulize kwenye kundi la simu, maana hapo kila mmoja atamtazama mwenzake. Kaa na mmoja mmoja, umuulize alichelea nini: picha, mkopo wa masomo, wazazi, au alidhani atakuwa peke yake. Halafu muulize ni kazi gani angeifanya bila jina lake kuandikwa popote. Majibu yao niandikie, nayasubiri.