Swali la lugha: "mshahara wa msingi", "ruzuku" au "kipato cha msingi"?

Msomaji wa Morogoro, ambaye hutafsiri makala za uchumi, anauliza: "Fedha ambazo serikali humlipa kila mtu kila mwezi, awe na kazi au asiwe nayo, tuziite mshahara wa msingi, ruzuku au kipato cha msingi? Nimeyakuta yote matatu."

"Mshahara wa msingi" uachwe, kwani tayari una mwenyewe: mtumishi yeyote huukuta katika hati yake ya malipo, kabla ya posho kuongezwa na makato kutolewa. Ni kweli kwamba mshahara, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malipo ya mwezi tu, lakini matumizi yameufunga kwenye ajira, na anayesikia "mshahara bila kazi" huwa ameshamhukumu mpokeaji kuwa mvivu kabla hajaisikia hoja yenyewe. Hofu hiyo ya watu kuacha kazi ilivuma sana Uswisi, ambako wapiga kura wapatao asilimia 77 walilikataa pendekezo hili mwezi Juni 2016.

"Ruzuku" nayo inaegemea upande. Zamani Mungu ndiye aliyeruzuku waja wake. Leo hupewa ruzuku mbolea na vyama vya siasa, yaani mtoaji huchagua wa kumpa na sababu ya kumpa. Mwanafikra Thomas Paine, mzaliwa wa Uingereza, aliyelitetea wazo la namna hii mwaka 1797, alidai malipo hayo kuwa haki, kwa kuwa ardhi hapo awali ilikuwa ya wote, hakuomba hisani.

Linabaki "kipato cha msingi", nami ndilo ninalolichagua. "Mapato" si kosa, ila yanatukumbusha mno hesabu za serikali na kodi.

Penye utelezi zaidi ni viambatisho vyake, "kwa wote" na "bila masharti", ambavyo wengi huvibadilishana ovyo. Ufini, mwaka 2017 na 2018, iliwalipa watu 2,000 euro 560 kwa mwezi bila kuwadai watafute kazi, lakini wote walichaguliwa miongoni mwa wasio na ajira: masharti hayakuwapo, na "wote" hawakuwapo pia. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016, ni ya wazee wote waliofikisha miaka 70, tajiri kwa maskini, ila umri ni kigezo. Fedha za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, kwa kaya maskini, zikifungwa na mahudhurio ya kliniki na shule, hazistahili sifa yoyote kati ya hizo mbili. Katika vijiji vilivyochaguliwa huko Siaya na Bomet nchini Kenya, kila mtu mzima hutumiwa fedha kwa simu, baadhi ya vijiji kwa miaka 12, lakini anayelipa ni GiveDirectly, shirika la hisani lisilo la serikali. Kwa hiyo neno "serikali" katika swali lako liondolewe kwenye fasili.

Andika basi "kipato cha msingi kwa wote bila masharti" mara ya kwanza, kisha ufupishe. Usiandike "cha wote", maana msomaji atadhani ni chungu kimoja cha ushirika. Mfuko wa mafuta wa Alaska, jimbo la Marekani, ni wa wote. Gawio lake, linalotolewa kila mwaka tangu 1982, ni la kila mkazi peke yake.