Ukibadilisha inveta, anza hesabu kwenye betri

Inveta ya haibridi, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani na kuushirikisha na wa gridi, ikiungua, wengi wetu hapa Tabora huenda dukani na swali moja tu, nalo ni iliyo kubwa zaidi ni ipi. Muuzaji hulijibu kwa furaha, kwa sababu iliyo kubwa zaidi ndiyo yenye bei kubwa zaidi. Nimebadilisha inveta ya nyumbani kwangu Ipuli baada ya ile ya kwanza kuharibiwa na radi, na kazi hiyo imeniachia msimamo ambao sitauacha: ukubwa wa inveta ni jambo la kuulizwa mwisho. Betri na paneli ulizobaki nazo ndizo zitakazoamua, kwa kuwa inveta mpya inaingia kama mkwe katika nyumba ambayo tayari ina wenyewe na desturi zao.

Kabla ya kutoa fedha, mwite fundi mwenye mita apime volti za betri na za kila mstari wa paneli, ili uwe na hakika kwamba kilichokufa ni inveta peke yake. Fundi wangu alipofungua kifuniko alikuta transista za nguvu zimepasuka na bodi inayoziendesha imeungua pamoja nazo. Transista peke yake hubadilishwa bila gharama kubwa, na ningemshauri mtu yeyote ajaribu hilo kwanza. Bodi ikishaungua, gharama ya matengenezo huanza kuikaribia bei ya inveta mpya, tena kipuri chenyewe mara nyingi huagizwa Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye betri. Yangu ni ya lithiamu, ile aina ya fosfeti ya chuma, yenye seli nane zinazotoa volti 25.6 na uwezo wa ampea-saa 200, yaani kilowati-saa 5 na kidogo. Katika duka la kwanza nilishawishiwa kununua inveta ya kilowati 5.5, nzuri kwa sura, yenye kioo cha rangi, lakini ilikuwa ya mfumo wa volti 48. Inveta ya volti 48 haiwezi kutumia betri ya volti 24, na hakuna mpangilio wa kwenye kioo utakaobadilisha jambo hilo. Muuzaji alisema ninunue betri ya pili na kuziunga mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine ili volti zijumlike. Rai hiyo inafaa pale tu ambapo mtengenezaji wa betri ameruhusu kuungwa hivyo, na betri zote mbili ziwe za aina moja na umri mmoja; betri iliyokwisha kutumika ikiunganishwa na mpya, moja hujaa au huisha kabla ya mwenzake, na mfumo mzima hukatika kwa sababu ya iliyo dhaifu.

Kuna kikomo kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Ndani ya kila betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi, inayoitwa BMS, ambayo huweka mwisho wa mkondo unaoweza kutoka. Yangu inaruhusu ampea 100. Zidisha ampea 100 kwa volti 25.6, utapata wati 2,560, na ukiondoa kinachopotea ndani ya inveta yenyewe, kinachofika kwenye soketi ni takriban wati 2,300. Hata kama ningeweka inveta ya kilowati 5 inayokubali volti 24, usiku, jua likiwa limezama na umeme wa gridi umekatika, nisingepata zaidi ya hapo. Kilowati zilizobaki zingekuwa maandishi ya kwenye boksi.

Tena ukubwa una gharama yake ya kila saa. Inveta ikiwaka bila kubeba kitu chochote bado hula umeme, na zile za ukubwa wa kilowati 5 kwa kawaida hula kati ya wati 40 na 70. Chukua wati 50 kwa saa 24, ni kilowati-saa 1.2 kwa siku, karibu robo ya betri kama yangu, imeliwa kabla hata taa moja haijawashwa. Muulize muuzaji namba hiyo. Asipoijua, imeandikwa katika kijitabu cha inveta, kwenye jedwali la vipimo, na mimi naipa uzito kuliko idadi ya kilowati iliyochapwa mbele kwa herufi kubwa.

Paneli ndizo zilizonipa kazi zaidi. Nina paneli nne za wati 330, kila moja ikiwa na volti zipatazo 46 isipobeba mzigo na 37 hivi inapofanya kazi, nazo zilikuwa zimeungwa mbili mbili mfululizo, kisha jozi hizo zikaunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ambapo volti haziongezeki. Kwa hiyo inveta ya zamani ilikuwa ikipokea volti 75 wakati wa kazi, na kikomo chake kilikuwa volti 145. Inveta nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mstari mrefu wa paneli: kidhibiti chake cha chaji, kile cha MPPT kinachotafuta volti ambazo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi, huanza kufanya kazi kwenye volti 120 na kwenda hadi 450. Jozi zangu za volti 75 zisingeiamsha kabisa.

Fundi alipendekeza tuziunge zote nne mfululizo. Kwa hesabu ya kwenye karatasi inawezekana, kwa maana 37 mara nne ni 148. Lakini vipimo vya paneli huchukuliwa seli zikiwa na nyuzijoto 25, na Tabora mwezi wa Oktoba, juu ya bati, saa saba mchana, seli hufika nyuzijoto 60 na zaidi. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya volti zake za kazi kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, kwa hiyo zile 148 hushuka hadi karibu 125, pembeni kabisa mwa kikomo cha chini, katika saa zile zile ambazo jua ni kali kuliko zote. Kuning'iniza mfumo kwenye ncha namna hiyo sikuona kuwa ni busara. Mwenye paneli sita au nane hana shida hii, naye anaweza kuzifurahia inveta za volti kubwa, ambazo kwa kweli zina faida ya kutumia nyaya nyembamba kutoka darini.

Angalia pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Kikomo cha juu cha volti hakisameheki hata kidogo, kwa sababu paneli tatu za kisasa za wati 550, zenye volti zinazokaribia 50 kila moja, zikiungwa mfululizo kwenye inveta yenye kikomo cha volti 145, zinaweza kuiunguza asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, wakati seli zikiwa bado zimepoa na volti ziko juu.

Mwisho nilichukua inveta ya volti 24, kVA 3, yenye MPPT inayoanzia volti 30 hadi 115. Hapo napo kuna la kuangalia, maana kVA 3 ikiwa na kipeo cha nguvu (sehemu ya kVA inayotoka kama wati halisi) cha 0.8 hutoa wati 2,400 tu, ilhali ikiwa na kipeo cha 1 hutoa wati 3,000, na matangazo hayapendi kueleza tofauti hiyo. Kwangu wati 2,400 zinalingana na kile betri inachoweza, nazo zinatosha friji, taa, feni, televisheni na hata pasi ikitumika peke yake. Pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja niliiacha kwenye umeme wa gridi, kwa kuwa mota ya namna hiyo huvuta mara tano au zaidi ya mkondo wake wa kawaida inapoanza, na sioni sababu ya kununua inveta kubwa kwa ajili ya sekunde mbili za kuanza kwa pampu.

Baada ya kufunga, usimruhusu fundi aondoke kabla ya kupanga aina ya betri. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri ya asidi, na kwa mfumo wa volti 24 mpangilio wa betri za maji huchaji hadi volti 29.2, sawa na 3.65 kwa kila seli ya lithiamu, pale pale BMS inapokata. Matokeo yake ni inveta kulia kengele mchana kutwa, na watu hudhani wameuziwa kifaa kibovu. Kama inveta na betri zinaelewana kwa waya wa mawasiliano, betri yenyewe huamua. Kama hazielewani, chagua mpangilio wa mtumiaji, weka volti 28.4 au pungufu kadiri kijitabu cha betri kinavyosema, na uzime kabisa ule uchajishaji wa kusawazisha, wa volti za juu, uliokusudiwa betri za asidi.

Upande wa gridi, wakazi wa mitaa ambako volti hushuka jioni wataona inveta ikikimbilia betri kila mara ingawa umeme upo. Sababu ni kwamba mpangilio wa vifaa kama kompyuta haukubali chini ya volti 170 hivi, ilhali ule wa vifaa vya kawaida vya nyumbani hushuka hadi 90. Chagua wa pili iwapo unajua kwamba friji yako ina kilinda umeme chake. Halafu tazama matumizi ya LUKU, mita ya kulipia umeme kabla: mteja wa daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, ana yuniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, na inveta inayokula wati 50 kutoka kwenye gridi usiku na mchana humaliza yuniti 36 katika siku 30. Panga jua litangulie, betri ifuate, gridi iwe ya mwisho, na uchajishaji kutoka kwenye gridi uwe wa ampea chache.

Kuhusu radi sitasema mengi, ila ninunue inveta yoyote, sitaiwasha bila vizuia mpando wa ghafla wa volti katika pande zote mbili, wa paneli na wa gridi, vikiwa vimeungwa kwa waya mfupi na mnene kwenye nondo moja ya ethi iliyozamishwa mahali penye unyevu. Mvua zetu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na udongo wa kichanga wa baadhi ya mitaa hukauka mno katika miezi ya kiangazi inayofuata, kwa hiyo ethi ipimwe mwezi wa Oktoba, udongo ukiwa mkavu kabisa, na si katikati ya mvua ambapo kila nondo hupata alama nzuri.