Kislovenia: chana hiyo chati ya "toa -ti weka -m" kabla haijakuchana wewe

Mkuu, weka kalamu chini. Nimeona hiyo picha ya daftari uliyoibandika, na nimeona umejisifu kwamba unaenda kusoma Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, na umeshageuza vitenzi karibia mia tatu kwa kanuni ya "toa -ti mwishoni, weka -m, umemaliza wakati uliopo". Umeuliza namna ya kukariri majedwali, kama kweli wana uwili (umbo la watu wawili tu, mbali na umoja na wingi), programu gani ya simu inafaa na sijui nini tena. Hayo yangoje. Kwenye ukurasa wako wa kwanza tu nimeona pisam, bram, spam, iskam na videm, na hakuna hata kimoja ambacho ni kitenzi cha Kislovenia, hivyo umetunga wewe na huyo aliyekufundisha. Videm angalau ipo, ila ni jina la mji, ndivyo wanavyouita Udine wa kule Italia. Kwahiyo ukitaka kusema "sioni" ukasema "ne videm" ni kama umesema "si Udine", sawa, hakuna aliyekuuliza.

Sikucheki bure, hiyo chati naijua maana niliilipia hela. Kuna jamaa alikuwa anafundisha kwa video, darasa la jioni, anajiita mtaalamu wa lugha za Kislavi, alisoma Urusi enzi zile. Akatuambia Kislovenia ni mteremko, kanuni moja tu. Akatoa mifano: delati inakuwa delam (nafanya kazi), gledati gledam (naangalia), čakati čakam (nangoja), kuhati kuham (napika), igrati igram (nacheza). Sisi tukapiga makofi. Hatukujua kwamba ameokota vitenzi vyote kwenye kikapu kimoja, vile vinavyokubali, vingine vyote akaviacha uvunguni. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata Kirusi chake hicho, pisat' haisemwi kwa kutoa mwisho na kubandika kitu, inakuwa pišu, ile s inageuka kabisa. Sasa huyu mtu alikuwa anatufundisha nini? Kama alisinzia darasani huko Urusi angesema tu tungemwelewa.

Sikia sasa tatizo lilipo. Viambishi vya mwisho vyenyewe havina shida kabisa, na sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tulitakiwa tuvielewe haraka kuliko Mwingereza. Sisi mtenda tunamweka mbele, ni-, u-, a-, wao wanamweka mkiani. -m ni mimi, -š ni wewe, yeye hana kitu, -mo ni sisi, -te ni nyinyi, -jo ni wao. Ndio maana hata "jaz" (mimi) hawasemi kila saa, delam inatosha, kama sisi tusivyosema "mimi ninafanya" kila sentensi. Hivyo viambishi havibadiliki karibu kwa vitenzi vyote, utavimaliza kwa siku moja na ugali unaiva.

Kinachobadilika ni kile kinachokaa KABLA ya kiambishi, na umbo la kamusi, lile la -ti, halikuambii. Angalia hivi vyote, vyote vinaishia na -ati ukivisoma kwenye kamusi, kama delati vile vile:

pisati (kuandika) – pišem
brati (kusoma) – berem
spati (kulala) – spim
prati (kufua) – perem
iskati (kutafuta) – iščem
klicati (kuita, kupiga simu) – kličem
poslati (kutuma) – pošljem

Umeona? Kuna inayochukua e, kuna inayochukua i, kuna s inayogeuka š, c inageuka č, brati inapachika e katikati haujui hata imetoka wapi. Halafu kuna stati, hiyo ndio kiboko, maana ziko mbili zinaandikwa hivyo hivyo, moja ni kusimama na inakuwa stojim, nyingine ni kugharimu na inakuwa stane, ndio ile "Koliko stane?" utakayoisema kila siku sokoni. Kwa chati yako zote mbili ni "stam". Stam ni nini mkuu? Hata mimi sijui, na nilishawahi kuitumia.

Na usidhani ni -ati peke yake. Piti (kunywa) ni pijem, sio pim. Peti (kuimba) ni pojem. Videti ni vidim, živeti (kuishi) ni živim, lakini razumeti (kuelewa) ni razumem, hoteti (kutaka) ni hočem, imeti (kuwa na) ni imam, vzeti (kuchukua) ni vzamem. Zote -eti hizo. Nani anaweza kukisia hapo? Hakuna. Wao wenyewe hawakisii, wamenyonya na maziwa ya mama.

Sasa nikwambie mimi ilinifikisha wapi. Nimekariri chati miezi, nikaja huku Slovenia, nafanya kazi ghala la mizigo, mdomo unaenda tu, wenzangu kazini wananielewa kwa huruma wala hawanirekebishi maana ni watu wastaarabu sana na huo ustaarabu ndio ulioniponza. Nikajiona fundi. Nikalipia mtihani wa Kislovenia. Sehemu ya kuongea mama mmoja mpole ananiuliza "Kaj delate ob koncu tedna?", wikiendi huwa unafanya nini. Aisee swali jepesi kama hilo. Nikajibu kifua mbele: "Spam, pram, bram." Nilimaanisha nalala, nafua, nasoma. Vitenzi vitatu, makosa matatu, na cha kwanza nimejitangaza kuwa ni zile barua pepe za matapeli wa urithi.

Yule mama hakucheka. Akanisaidia, akarudia taratibu, "Aha, spite, perete, berete?" Yani amenipa majibu mkononi, nilitakiwa nitoe -te niweke -m basi, spim, perem, berem. Mimi nikatikisa kichwa kwa furaha kwamba kumbe ananielewa, "Da, da, spam!" Akaandika kitu. Akauliza na nini kingine, nikasema "kupovam hrano", eti nanunua chakula. "Aha, kupujete." Da, da, kupovam. Akaandika tena. Alikuwa anaandika sana yule mama, nikadhani anasifia.

Nikafeli. Ada ikaenda, ya mara ya pili ikaenda, ila sio hela iliyoniuma zaidi. Kazi ilikuwa kuufundisha mdomo upya. Kung'oa msumari uliopinda ni shughuli kuliko kupigilia mpya, nakuapia. Nilikuwa naijua perem, naiandika perem, nikifungua mdomo inatoka pram. Mpaka leo kazini kuna mzee ananiita gospod Spam, bwana Spam, ananisalimia hivyo asubuhi mbele ya watu, na mimi naitika, nifanyeje.

Kwahiyo kanuni ni moja na hii ndio nimekuja kuisema: USIKARIRI KITENZI CHA KISLOVENIA KIKIWA PEKE YAKE. Kila kitenzi unakiandika mara mbili, umbo la kamusi na umbo la "mimi", na unavisema kwa pumzi moja kama jina la mtu na la baba yake. Pisati pišem. Brati berem. Piti pijem. Hata delati, andika delati delam, usiseme hii naijua. Ukiwa na pišem umepata ukoo wote, unatoa m unabandika mkia: pišem, pišeš, piše, pišemo, pišete, pišejo. Na amri inatoka upande huo huo, piši! beri! peri! Lile umbo la kamusi usilitupe, linatumika baada ya moram (lazima ni...), na wakati uliopita unatoka huko: sem pisal, sem bral, sem spal. Ndio maana unahitaji yote mawili, kila moja lina kazi yake.

Na usinambie huna pa kuyapata. Kamusi yao kubwa, SSKJ, ile iliyotoka majuzuu matano kati ya 1970 na 1991, iko bure kabisa kwenye tovuti inaitwa Fran. Andika pisati, neno la pili kabisa baada ya kitenzi ni píšem, limekaa pale pale, kabla hata hawajakwambia maana yake. Ule mkwaju juu ya herufi ni wa matamshi tu, kwenye maandishi ya kawaida hawauweki. Yani watunga kamusi wenyewe walijua kitenzi bila mwenzake hakitoshi, na jamaa wetu wa video na chati yake ya rangi hakujua. Nikimkumbuka damu inachemka. Afu darasa lake bado linaendelea, juzi nimeona tangazo.

Ukiwa hapo hapo Fran angalia pia kama pembeni wameandika nedov. au dov. Nedov. ni tendo linaloendelea, dov. ni lililokamilika. Mtu akikuuliza sasa hivi unafanya nini jibu kwa nedov., kupujem, sio kupim. Hilo ni somo refu, ila lisikupite kabisa.

Kuna njia za mkato chache ambazo ni za kweli, sio za yule. Zenye -ovati karibu zote zinaenda -ujem: kupovati kupujem, potovati (kusafiri) potujem, potrebovati (kuhitaji) potrebujem, stanovati (kukaa mahali) stanujem. Na nyingi za -iti zinaenda -im, govorim, hodim, mislim, prosim, vozim, ukiondoa watundu kama piti. Lakini hata hizo ziandike mbili mbili, usianze ubishi.

Zile zisizo na adabu zimeze nzima nzima: biti (kuwa) ni sem, si, je, smo, ste, so. Iti (kwenda) ni grem, na "wao" ni gredo. Jesti (kula) ni jem, yeye ni je, ambayo pia ni "yeye ni", kwahiyo ukisikia je subiri sentensi iishe ndio ujue mtu anakula au yupo tu. Vedeti (kujua) ni vem. Na kwa kukanusha unaweka ne mbele, ne delam, ne pišem, isipokuwa tatu zinazogandana: nisem, nimam, nočem. Chunga moja hapa, moram ni "lazima" na ne morem ni "siwezi", tofauti ni irabu. Msimamizi akikuuliza habari ya Jumamosi na wewe unataka kupumzika, usikosee hiyo irabu, utaamka saa kumi na moja alfajiri.

Uwili, ndio, upo na wanautumia kweli, sio mapambo ya kitabuni. Tukiwa wawili, mimi na mwenzangu, ni -va, nyinyi wawili na wao wawili ni -ta. Mimi na mwenzangu wa chumbani tukiingia dukani tunaulizwa "Kaj iščeta?" na mwanzoni tulikuwa tunageuka nyuma kutafuta anayeulizwa. Unaujenga kutoka umbo lile lile la "mimi", piševa, pišeta, bereva, bereta. Za kumeza ni sva na sta za biti, na hizi zinazochomeka s: vesta, jesta, gresta. Kwa mimi na wewe haichomeki, ni veva na greva. Ukisahau ukatumia wingi watakuelewa. Ukisema piševa halafu ukarudi kwenye pisam ndio watashangaa umetoka wapi.

Na mtu mzima, afisa, muuzaji, mwalimu, mpe -te hata akiwa mmoja: Kako ste? Govorite angleško? Wale wana heshima zao, -š ni ya rafiki na mtoto.

Kwahiyo leo usiku chukua daftari jipya, la zamani lifungie vitumbua. Anza na pairi ishirini, delati delam, pisati pišem, brati berem, spati spim, piti pijem, iti grem, jesti jem, živeti živim, hizo ndio za kila siku, zingine zitoe humu humu kwenye hii posti. Sema kwa sauti, mtu wa nyumbani akikuona umechanganyikiwa mwache. Zikishakaa ndio uende ishirini zingine, na zile mia tatu zako zipitishe Fran moja moja, itakula wikiendi zako mbili tatu ila mimi ilinila zaidi ya hapo. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, cha programu sijui na herufi, nimeshasahau na zamu yangu inaanza, gospod Spam anaitwa huko.