Paipu ya friji isifungwe kwenye breki

Sisi wenye magari Mtwara tuna adui mmoja wa ziada: upepo wa bahari. Chumvi ya Shangani na Mikindani inakula paipu za breki, hasa chini ya vibano vinavyozishikilia, maana tope na unyevu hukaa hapo bila kuonekana. Mimi nikiingia uvunguni huanzia kwenye vibano.

Paipu ikishaoza, utaletewa paipu nyekundu ya shaba, ile ya friji. Inakunjika kwa mkono, haili kutu, bei nafuu. Pikapu yetu ya mizigo ilifungwa hiyo kwenye gereji moja mjini. Nilidai itolewe, fundi akanuna, ikatolewa.

Shaba tupu huchoka. Chukua waya wa shaba uukunje na kuunyoosha: unakuwa mgumu, kisha unakatika. Mtikisiko wa barabara ya Newala unaifanyia paipu hivyohivyo, na ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani yake inaweza kupita psi 1,000. Ufa mdogo tu, mafuta yanamwagika na pedeli inazama. Sasa fikiria umepakia korosho, unateremka kutoka Newala kwenda Masasi!

Dai paipu ya chuma ya breki yenye kuta mbili na mipako ya kuzuia kutu. Kwa pwani yetu, mimi napenda zaidi shaba iliyochanganywa na nikeli, kiasi cha asilimia 10. Haili kutu kama chuma, inakunjika vizuri, na Volvo wameitumia tangu 1976. Usiichague kwa rangi, kwa kuwa nayo ina wekundu kidogo. Sumaku pia haitakusaidia, hainasi kwenye shaba yoyote kati ya hizo mbili. Soma lebo ya roli la paipu: iwe imeandikwa ni ya breki.

Halafu simama uone mdomo wa paipu unavyotengenezwa. Magari mengi ya Kijapani yanataka mdomo uliokunjwa mara mbili. Wa mkunjo mmoja hupasuka. Fundi akitaka kuunga kipande kwa mpira na klipu, mwambie hapana, abadilishe paipu nzima.

Mkimaliza, wekeni mafuta mapya ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi la mafuta hayo kinavyosema, mtoe upepo uliobaki ndani ya paipu. Kisha gari likiwa linanguruma, mmoja akanyage breki kwa nguvu na kushikilia, mwingine akague kila nati kwa tochi.