Muulize Shangazi: Kilo nne zinazokwenda na kurudi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38 na uzito wangu ni kilo 86. Mwaka huu nimeshafanya ditoksi mara tatu: siku saba za juisi tupu, glasi sita kwa siku, na usiku kikombe cha chai ya sena ya kusukuma uchafu. Kila mara napungua kilo nne na nguo zinanikaa vizuri. Wiki mbili hazipiti, zote zimerudi, na safari ya mwisho zilirudi na nusu kilo juu. Mwenzangu aliyenifundisha anasema sumu zangu ni sugu, nifanye siku 21. Siku ya pili na ya tatu kichwa huniuma kupita kiasi, naye anasema hiyo ndiyo sumu inatoka. Natumia vidonge vya presha, kimoja ni kile cha kukojoza. Je, nikimaliza siku 21 uzito utaondoka moja kwa moja?
Mchovu wa Mizani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hautaondoka. Lakini kabla ya uzito tuanze na lile ulilolitaja mwisho kana kwamba ni dogo, maana ndilo lililonikosesha raha nilipokuwa nasoma barua yako.

Kidonge cha kukojoza hutoa maji mwilini, na vingi vya aina hiyo huondoka na potasiamu pia. Sena ikikuharisha inatoa maji yale yale na potasiamu ile ile. Potasiamu ndiyo inayousaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Sasa wewe unazichota kwa milango miwili, huku huli chakula. Sena iache leo. Kidonge usikiache wala usikipunguze kwa akili yako. Nenda kwa daktari anayekuandikia, umweleze yote matatu uliyofanya, na glasi zake na chai yake. Usione haya. Wanasikia haya kila siku.

Halafu hiyo sena haikupunguzii hata ulichokula. Nishati ya chakula hufyonzwa karibu yote kwenye utumbo mwembamba, na sena inafanya kazi yake kule chini, kwenye utumbo mpana. Inapofika, shibe imeshaingia mwilini zamani. Unachokimbiza chooni ni maji.

Tuje kwenye kilo nne. Nami nilishawahi, tena nikiwa nimeshasomea lishe, kwa hiyo sina pa kujificha. Mdogo wangu alikuwa anaolewa na gauni langu lilikuwa limekataa, zipu imekwama vidole viwili chini ya kwapa. Nikajifungia siku kumi na maji ya limau, sirapu na pilipili ya unga. Ni kanuni ya Mmarekani mmoja, Stanley Burroughs, ya tangu miaka ya 1940, na kila baada ya muda inavalishwa jina jipya. Daftari langu bado ninalo. Siku ya kwanza: 74.2. Siku ya tatu: 72.3, na pembeni nimechora ua! Siku ya kumi: 70.1. Zipu ikapanda. Siku ya tano baada ya harusi: 73.0, hakuna ua. Wiki ya tatu: 74.5, na baada ya hapo kurasa ni nyeupe, kwa sababu niliisukuma mizani chini ya kitanda.

Angalia siku tatu za kwanza. Karibu kilo mbili zimekwenda wapi? Ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo, na kila gramu yake hushika karibu gramu tatu za maji. Ukinyimwa chakula, mwili unakula akiba hiyo kwanza, na maji yaliyoshikwa nayo yanatoka kwa mkojo. Nusu kilo ya akiba, kilo moja na nusu ya maji: ndizo mbili hizo. Ongeza na utumbo uliobaki mtupu kwa kuwa hakuna kipya kilichoingia. Siku unayorudi mezani, akiba inajazwa, maji yanarudi, utumbo una mzigo tena. Hujafanya kosa lolote siku hiyo. Umekula tu.

Mafuta ni hesabu nyingine, na ningependa uipige mwenyewe kwa kalamu. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700. Tuseme mwili wako unatumia 2,000 kwa siku. Hata ungekaa siku saba bila kutia kitu kinywani, ni 14,000, na hazifiki mafuta ya kilo mbili. Nawe hukukaa bila kitu, ulikunywa glasi sita za juisi kila siku, na juisi ni sukari. Kilo nne za mafuta kwa wiki moja hesabu haizikubali, hata mwenzako aipige yeye. Tena juisi karibu haina protini, na mwili usiopewa protini huimega misuli. Kwa hiyo hata katika kile kidogo kilichopungua kweli, si chote kilikuwa kile ulichotaka kipungue.

Kuhusu sumu sugu, muulize mwenzako swali moja tu, bila ugomvi: sumu gani? Jina lake nani? Mwaka 2009 kundi la wanasayansi vijana nchini Uingereza liliwauliza hivyo hivyo watengenezaji wa bidhaa 15 za ditoksi. Hawakupatikana wawili waliolipa neno hilo maana moja. Na wataalamu wawili waliopitia tafiti zote kuhusu vyakula vya ditoksi, katika mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015, hawakukuta hata jaribio moja la kupanga watu kwa kura, hawa ditoksi na hawa chakula cha kawaida, kuzipima ditoksi zinazouzwa madukani. Wakati huo huo figo zako huchuja kama lita 180 kwa siku na kutoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Kilichobaki kinarudishwa kwenye damu kikiwa kimechambuliwa. Ini nalo halilali. Figo au ini likishindwa kazi, mtu hulazwa hospitali. Hapewi juisi.

Kichwa nacho. Hukuniambia kama wewe ni mtu wa kahawa au chai, lakini nakisia, maana siku ulizozitaja zinasema zenyewe. Aliyezoea kafeini akiikatiza ghafla, kichwa huanza baada ya saa 12 hadi 24, hukolea siku moja hadi mbili baada ya kikombe cha mwisho, kisha hupoa chenyewe. Ongeza njaa na upungufu wa maji wa ile sena. Siku nyingine ukitaka kujua, kula chakula chako kama kawaida ila acha kahawa, uone kama "sumu" haitatoka.

Kuna jambo la njaa ambalo nataka ulisikie vizuri, kwa sababu barua yako ina harufu ya mtu anayejilaumu. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu 50 wenye unene waliokula chakula kidogo mno kwa wiki 10. Walipungua sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima, mwanangu. Kwa hiyo ulipofungua jokofu usiku wa manane siku ya nane, hukuwa mlafi. Kadiri unavyojibana kwa nguvu, ndivyo mwili unavyodai.

Sasa utafanyaje? Kilo zako nne nazipenda, ila nazitaka polepole. Asilimia tano ya uzito wako ni kilo 4.3, na kupungua kiasi hicho na kubaki hapo mara nyingi hutosha kushusha presha, hata daktari akafikiria upya dozi yako. Zipe miezi mitatu au minne. Mimi kwa nafasi yako ningeanza na vinywaji, kwa sababu ndiko kalori huingia bila kushibisha: tunda ulile zima, ulitafune na nyuzinyuzi zake, juisi iwe ya nadra. Kisha asubuhi weka protini, mayai, maharage, chochote unachokipenda, ili saa nne isikukute unatetemeka. Mizani mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya kula. Mengine utayaongeza haya yakishakuwa mazoea, na utaniandikia.

Mwenzako usimkasirikie. Naye pengine ana gauni kabatini.

SWALI: Shangazi, nimenunua plasta za kubandika nyayoni usiku za kuvuta sumu. Asubuhi zinakuwa nyeusi tii na zinanata. Kama si sumu, ni nini?
Mwenye Nyayo Nyeusi

JIBU: Chukua mpya ambayo hujaivaa, ishike kwa koleo juu ya birika linalochemka, ipigwe na mvuke dakika chache. Au idondoshee maji ya vuguvugu. Itakuwa nyeusi na itanata, na birika halina sumu ya kutoa. Ndani yake kuna unga wa siki ya mti, ambao hubadilika rangi ukipata unyevu, na nyayo hutoka jasho usiku kucha. Zilizobaki tumia kuwaonyesha watoto.