“Mtu Haibi Mtoto Wake”: Nilivyomzuia Baba Watoto Asivuke Tunduma na Binti Yangu

Alhamisi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja wa Mwanza, mama wa mtoto wa miaka minne. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake.

“Dada, shikamoo. Mume wangu ameomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anasema ni cha bima. Ila nimemsikia akiulizia nauli ya Nairobi ya watu wawili, na mimi simo. Nimemwambia mama mkwe, anasema nisianzishe vita, mtu haibi mtoto wake. Nifanyeje?”

Hiyo sentensi ya mwisho niliirudia mara tatu. Miaka mitatu iliyopita, mwezi Desemba, niliambiwa maneno hayohayo na mama yangu mzazi, nimesimama jikoni kwake Uyole, Mbeya, na bahasha mkononi. Nilikuwa sijawahi kuyasimulia yote. Leo nayasimulia.

Baba watoto alikuwa Johannesburg. Alianza kwa kupeleka mchele wa Kyela Zambia, akasogea, akasogea, mwisho akapata kazi ya gereji Afrika Kusini. Hatukuwa tumeachana kisheria, lakini ndoa ilibaki jina tu. Pasi ya mtoto niliisaini mwenyewe. Tulikuwa na mpango wa kwenda wote kumtembelea, nikatoa ridhaa yangu, mtoto akapigwa picha, akachanjwa homa ya manjano. Safari ikafa, nyaraka zikabaki ndani.

Desemba ile alikuja na zawadi. Alikaa wiki mbili bila ugomvi hata mmoja, mpaka nikaanza kujilaumu kwa yale niliyokuwa nikimfikiria. Kisha akasema anataka kumpeleka mtoto Tunduma, mpakani na Zambia, siku mbili akamsalimie shangazi yake. Tunduma ni kwetu, unapanda Kosta asubuhi na mchana umefika. Nikakubali. Nikamfulia mtoto nguo, nikazipanga kwenye begi.

Siku mbili kabla ya safari nilikuwa namsuka. Amekaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, akauliza, “Mama, kule darasa la kwanza wanavaa sketi ya rangi gani?”

Nikamuuliza kule wapi.

“Kwa baba. Ila baba kasema nisikwambie, nitakuletea zawadi.”

Alikuwa na miaka sita. Nilimalizia mistari miwili iliyokuwa imebaki, nikamfunga vizuri, nikamwambia akacheze. Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku. Chini ya vitenge ndipo inapokaa bahasha ya kaki ya vyeti. Kadi ya kliniki ilikuwemo. Cheti cha kuzaliwa hakimo. Pasi haimo. Kadi ya njano haimo.

Nataka uelewe kwa nini hakuchukua pasi peke yake. Mwaka 2015 Afrika Kusini iliweka sharti kwamba mtoto anayeingia awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na ridhaa ya mzazi ambaye hayupo safarini. Mwaka 2019 likalegezwa kwa watoto wa kigeni, lakini wasafiri wa njia ile bado hubeba cheti kwa sababu ofisa anaweza kukiuliza. Kwa hiyo mtu anayehamisha cheti cha mtoto bila kukwambia hatayarishi safari ya kwa shangazi. Ukiona vyeti vimetembea, safari imeshaanza, hata kama begi bado liko kitandani.

Nikakimbilia kwa mama. “Mwanangu, mtu haibi mtoto wake. Ni damu yake. Utamweka wapi uso wako?” Nikampigia mama mkwe, akacheka, akasema nimekula nini. Nikaenda kituo cha polisi, sitakitaja. Aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: “Mna amri ya mahakama?” Nikasema hapana. Akasema, “Basi yeye ni baba, na wewe ni mama. Hayo ni ya familia, kazungumzeni.”

Nililia barabarani kama mtoto. Baadaye nikaelewa kuwa swali lake ndilo lilikuwa na jibu la kila kitu, ila hakujisumbua kunielekeza. Kabla mahakama haijasema neno, wazazi wote wawili wana haki juu ya mtoto, na ofisa wa mpakani hana sababu ya kumzuia baba mwenye pasi halali ya mwanawe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa mwenye malezi yake ya kisheria. Unatakiwa kwanza uwe na hayo malezi kwenye karatasi.

Aliyenisaidia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mama wa makamo. Hakunipa pole. Alinipa kalamu. Akasema niandike lini, wapi, nani alisema nini, na nani mwingine alisikia. Nilipoandika kwamba mume wangu ana roho mbaya, alikata mstari huo. “Hakimu hataki roho yake, anataka tarehe.” Nikaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, vitu vilivyotoka kwenye bahasha, na siku ya safari. Ndiyo ikawa hati ya kiapo changu, kwa Kiswahili tupu.

Watu walitaka kunirudisha Baraza la Usuluhishi. Baraza ni la wanaotaka talaka, na mimi sikuomba talaka. Niliomba mahakamani malezi ya mtoto, na zuio la muda asitolewe nchini mpaka shauri lisikilizwe. Maombi yaliandikwa kuwa ya dharura, kwa hiyo hakimu alinisikiliza upande mmoja, siku hiyohiyo. Mtoto wangu alikuwa chini ya miaka saba, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa umri huo ni vema akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sikujua hilo. Ningelijua nisingelia barabarani.

Saa tisa alasiri nilitoka na amri, nakala tano zenye muhuri wa mahakama. Moja kwa baba watoto, alipelekewa jioni ile. Moja polisi, kituo kilekile. Moja Uhamiaji mkoa. Moja yangu. Na ya tano niliipeleka Tunduma mwenyewe, alfajiri, na kaka yangu, kwa Kosta ya kwanza, kwa sababu barua ya ofisi husubiri gari la ofisi na mimi sikuwa na muda huo. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu Uyole. Sikumficha. Yule mama wa ustawi alinionya kwamba ukimficha mtoto, wewe ndiye utakayeonekana mtekaji.

Tunduma ndipo nilipojifunza kitu ambacho nisingekijua. Pale ni kituo cha pamoja na Nakonde ya Zambia, na anayetoka Tanzania hugongewa muhuri na maofisa wetu waliokaa upande wa pili. Kwa hiyo karatasi yako ukiiacha kwenye dawati la wanaoingia, umefanya kazi bure. Uliza, “Wanaotoka wanahudumiwa wapi?” na uhakikishe nakala imefika hapo. Nilimwona kijana aliyeipokea akiandika jina la mwanangu na namba ya pasi kwenye kitabu chake. Nilisimama mpaka akamaliza.

Sasa niwe mkweli. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja, watu wanavuka kununua sukari. Njia za panya zipo, na hakuna karatasi inayosimamisha bodaboda. Lakini anayekwenda Johannesburg ana Chirundu mbele yake, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ana Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, na asiyegongewa muhuri Nakonde atajieleza huko kote. Ndiyo maana nasema zuia nyaraka. Pasi, cheti, amri. Narudia: pasi, cheti, amri.

Na ukishachelewa? Kuna Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 unaohusu watoto wanaovushwa mipaka na mzazi mmoja. Nchi zilizomo hurudishiana mtoto wa chini ya miaka 16 kwenye nchi aliyokuwa akiishi, na kesi ya malezi inaamuliwa huko. Afrika Kusini imo tangu 1997, Zambia imo. Tanzania haimo. Kenya haimo. Mkataba unataka nchi zote mbili ziwemo, kwa hiyo mtoto wako akishafika, unaanza kesi upya kwenye mahakama ya nchi hiyo, kwa wakili wa huko na nauli yako. Wakati mimi nahangaika na jina langu baya mtaani, hicho ndicho kilichokuwa kinaningoja.

Siku ya kusikilizwa pande zote mbili, hakimu alimwamuru aikabidhi pasi ya mtoto mahakamani. Alikuwa nayo mfuko wa ndani wa koti. Aliitoa, karani akaifungua ukurasa wa picha kuhakikisha. Nikaona picha ya mwanangu na zile nywele, mistari minane, ambazo nilimsuka mimi usiku wa kuamkia kupigwa picha. Baba yake hakunitazama.

Kesi ilichukua miezi, sitawachosha. Malezi nilipewa mimi. Baba anamwona likizo, hapahapa nchini, na hajawahi kukosa hata moja, hilo nalisema kwa haki. Mtoto yuko darasa la tatu na anaongoza kwa hesabu. Mama mkwe mpaka leo hapokei simu yangu. Kila Pasaka nampeleka mjukuu wake hadi mlangoni, nasalimia shikamoo, mlango unafunguliwa kwa mtoto peke yake. Inauma. Lakini nasalimia.

Wanawake wenzangu, na akina kaka pia, maana nimeandikiwa na baba ambaye mtoto wake alipandishwa ndege mama hajaaga: aibu ya mambo ya ndani kutoka nje isikufunge mdomo. Msingoje ushahidi uwe mlima. Msitumie mahakama kumkomoa mwenzenu, mtoto anamhitaji baba, anamhitaji mama, na zuio halikati undugu. Linazuia kuvuka tu. Pigeni picha vyeti vyote leo, vya asili mviweke kwa mtu mnayemwamini nje ya nyumba. Hela ya wakili isiwe sababu: wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC yanasaidia, na simu ya mtoto 116 ni bure.

Mdogo wangu wa Mwanza, umenijibu jana kwamba cheti ameshaondoka nacho. Usigombane naye. Nakala nyingine ya cheti inaombwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Nairobi kutoka kwenu ni Sirari, lakini anaweza pia kuzungukia Namanga au kupanda ndege, kwa hiyo omba amri iguse mipaka yote, na omba nakala zaidi ya tano. Kesho Jumatatu anza ustawi wa jamii, mapema kabla foleni haijajaa. Andika ile habari ya nauli ya watu wawili, siku uliyoisikia na saa. Uamuzi wa kumwambia mama mkwe au la nakuachia wewe. Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.